Mume wangu anasema nitazoea baridi, lakini mimi siamki kitandani

Shikamoo Somo,

Nina miaka 29, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Mwezi wa sita mwaka jana nilikuja Edmonton, Kanada, kumfuata mume wangu baada ya kusubiri karatasi za uhamiaji mpaka tukakata tamaa. Tuna mtoto mmoja wa kiume, ana miaka minne. Mume wangu huu ni mwaka wake wa tisa huku. Anafanya kazi kwenye machimbo ya mafuta upande wa kaskazini, wiki mbili kazini, wiki mbili nyumbani, kwa hiyo nusu ya mwezi nakuwa peke yangu na mtoto.

Nilipofika jua lilikuwa halitaki kuzama. Saa nne usiku bado kweupe, majirani wanachoma nyama uani, watoto wanaendesha baiskeli. Nikawa nawapigia watu wa nyumbani nawauliza, hiyo baridi mliyonitisha nayo iko wapi? Na baridi mimi naijua. Nimesoma sekondari Lushoto, nimeoga maji ya kule alfajiri ya mwezi wa saba.

Mwezi wa kumi na moja ukanikomesha. Leo hii ninapoandika ni mwisho wa Januari na simu imeonyesha -31. Mafuta ya nazi niliyofungiwa na mama yameganda kabatini, humu humu ndani, mpaka nitumbukize chupa kwenye maji ya moto ndipo yatoke. Nikigusa kitasa napigwa shoti. Usiku pua inatoka damu, foronya zimeharibika. Gari lisipochomekwa kwenye umeme usiku kucha kupasha injini, asubuhi haliwaki. Kumvalisha mtoto ni kazi ya nusu saa, na nikishamaliza kufunga zipu ya mwisho anasema anataka chooni.

Hayo yote ningeyavumilia, Somo. Linaloniogopesha ni hali yangu. Nalala usiku mzima na nikiamka natamani kulala tena. Siinuki kabla ya saa nne. Mwanangu ameshajua kusogeza kiti, kuchukua biskuti mwenyewe na kuwasha katuni, na mimi namsikia nikiwa chini ya blanketi. Mapazia siyafungui kwa sababu vioo vinatoa baridi. Nakula wali na chapati bila mpango, nguo zote zinanibana. Mashine ya kushonea niliyoililia tangu Tanga bado iko kwenye boksi lake. Simu za marafiki sipokei. Na kuna asubuhi naona afadhali nisingeamka. Jana nilianza kulia kwa sababu tu kitunguu kilikuwa kimeoza.

Mume wangu anasema nitazoea, kila mtu amepitia. Akikasirika anasema nadeka. Shangazi yangu, niliyemgusia kidogo, anasema ni husuda za watu na anataka kunitumia kombe. Mama sijamwambia kitu. Nikiweka picha ya theluji kwenye WhatsApp watu wananiandikia mashallah, wengine mnaishi peponi. Sasa nikalie wapi?

Nataka kumchukua mwanangu nirudi Tanga mpaka baridi iishe. Mume hataki hata kusikia, anasema nitamtia aibu. Nifanye nini? Au nina maradhi?

Mtoto wa Ngamiani, Edmonton

*

Marahaba, mwanangu.

Kuna sentensi umeipitisha haraka, imejibana kati ya mashine ya kushonea na kitunguu kilichooza, na mimi naanza nayo hiyo: kwamba kuna asubuhi unaona afadhali usingeamka. Huenda ni uchovu umesema. Lakini wazo hilo likisogea hata hatua moja, likawa la kujidhuru, usimsubiri mume ashuke kutoka kazini wala usisubiri jibu langu. Kanada nzima kuna namba 988, unapiga au unatuma ujumbe saa yoyote, usiku au mchana, bure, kwa Kiingereza au Kifaransa. Hatari ikiwa ya papo hapo ni 911. Na kwa mambo ya afya yasiyo ya dharura, jimbo lenu la Alberta mna 811, unaongea na muuguzi, na unaweza kuomba mkalimani. Ziandike hizo namba tatu, bandika kwenye mlango wa friji.

Sasa swali lako. Mimi si daktari na sitakupima kwa barua. Ila mambo uliyoyataja, kulala sana bila kutosheka, kukimbilia wali na chapati, kunenepa, kuwakwepa watu, kupoteza hamu ya unachokipenda, na yote yakiwa yameanza siku zilipofupika, madaktari wanayajua na wana jina lake: sonona ya msimu. Na jina hilo halikutolewa na mtu aliyezaliwa kwenye theluji. Daktari wa magonjwa ya akili Norman Rosenthal ni mzaliwa wa Johannesburg. Alihamia Marekani mwaka 1976, akafikia New York, na majira ya baridi yalipoingia akaona nguvu zake zinashuka kwa namna ambayo hakuwahi kuiona kwao Afrika Kusini. Mwaka 1984 yeye na wenzake wakachapisha utafiti wa watu waliokuwa wakidhoofika hivyo kila majira ya baridi na kuinuka tena kila majira ya kuchipua. Kwa hiyo mume wako akikuambia unadeka, mwambie kuna daktari kutoka bara letu hili aliyedeka kabla yako akaandika makala ya kisayansi.

Hilo la kombe la shangazi, kunywa ukipenda, nia yake ni njema na maneno yaliyomo ni ya kheri. Ila kombe lisikuzuie kwenda kwa daktari. Ukifika, usimwambie tu "nasikia baridi". Mwambie unavyolala, unavyokula, na ile sentensi ya asubuhi usiifiche. Mwombe akupime damu, maana upungufu wa madini ya chuma na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri navyo vinaleta uchovu wa namna hiyo hiyo. Na siku zako je? Mume anayekaa wiki mbili nyumbani si mgeni, na wewe hukuligusia.

Sasa nikuambie ninavyoona mimi. Tangu Novemba unatafuta joto. Umefunga mapazia kwa ajili ya joto, umebaki kitandani kwa ajili ya joto, umemzuia mtoto kutoka kwa ajili ya joto. Lakini mwili wako haulilii joto. Nyumba yenu ina hita. Unachokikosa ni mwanga, na kila unachofanya kupata joto kinakuongezea giza.

Hebu tupige hesabu. Kwetu Tanga siku ndefu na siku fupi za mwaka zinapishana kwa muda usiofika saa moja. Umekua ukijua jua linatoka saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, Januari mpaka Disemba, na mwili wako umejipanga hivyo tangu tumboni. Edmonton mwezi wa kumi na mbili jua linachomoza saa tatu kasoro na kuzama saa kumi na robo, wakati kwenu watu ndiyo kwanza wametoka kuswali Alasiri. Ni saa saba na nusu hivi za mwanga kwa siku. Wewe unaamka saa nne, mapazia hayafunguliwi. Umebaki na mwanga gani hapo? Taa za sebuleni hazihesabiki. Macho yanazizoea haraka tukadhani panatosha, kumbe hata siku ya mawingu nje kuna mwanga mara kadhaa kuliko ule.

Na kuna jambo ambalo wageni wengi huko hawaambiwi. Siku za baridi kali kabisa, hizo za -25 na -30, mara nyingi ndizo siku za anga jeupe. Mawingu ni blanketi la ardhi, yakiondoka joto nalo linapaa. Kwa hiyo siku unazoziogopa zaidi ndizo zenye jua zaidi, na theluji mpya chini inaurudisha juu sehemu kubwa ya mwanga huo mpaka macho yanauma. Edmonton ni katika miji ya Kanada yenye jua jingi. Una jua mlangoni, mwanangu, ila limekuja bila joto ulilozoea kulipata pamoja nalo.

Basi uamke kwa Alfajiri. Kwa bahati Alfajiri ya Edmonton wakati huu wa mwaka iko karibu na saa moja asubuhi, si ile ya kwetu ya saa kumi na moja. Ukishaswali usirudi kitandani, hapo ndipo unapoteleza. Nunua taa maalumu ya mwanga yenye nguvu ya luksi 10,000, iliyochujwa miale inayounguza ngozi. Ziko madukani na mtandaoni, na bei yake haifiki hata robo ya tiketi ya ndege uliyokuwa unaipigia hesabu. Iweke mezani, umbali ule kijikaratasi cha taa kitakaokuelekeza, kwa kawaida si zaidi ya urefu wa mkono, iwe pembeni kidogo ya uso. Huikodolei macho. Unakunywa chai, unasoma, unamlisha mtoto, dakika ishirini hadi thelathini. Iwe asubuhi tu, usiku itakufukuza usingizi. Kama una ugonjwa wa macho, au unatumia dawa zinazofanya ngozi isivumilie mwanga, au katika familia yenu kuna mtu mwenye maradhi ya kupandwa na furaha kupita kiasi kisha kuzama, muulize daktari kwanza. Wengi huona nafuu ndani ya wiki moja au mbili.

Wakati taa inawaka mpigie mama. Mnapishana saa kumi. Saa mbili yako ya asubuhi ni saa kumi na mbili jioni Tanga, ameshaoga, anasubiri Magharibi, ana nafasi. Na mwambie. Mama aliyekufungia mafuta ya nazi chupani ameshasikia sauti yako, anangoja wewe uanze.

Mapazia fungua, hasa ya dirisha linaloangalia kusini, maana majira haya jua la huko Edmonton linapita chini chini upande huo. Vioo vikipuliza baridi, madukani kuna karatasi ya nailoni ya kubandika kwenye fremu, unaivuta kwa kikaushio cha nywele mpaka inakaza. Mwanga unaingia, baridi inabaki nje.

Kisha mtoke, kila siku, katikati ya mchana, hata robo saa. Najua utaniambia mtoto, na najua utaniambia -31. Mipaka ipo. Angalia kwenye simu ile namba inayohesabu baridi pamoja na upepo, usiangalie digrii tupu. Idara ya hali ya hewa ya Kanada inaonya kwamba kuanzia -28 ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30, na ikifika -40 ni dakika 5 hadi 10. Siku hizo kaeni dirishani. Siku nyingine zote hamna udhuru. Ncha ya pua au sikio la mtoto likifa ganzi, ngozi ikapauka au kuwa ya kijivujivu, ingieni ndani, papashe joto kwa kiganja chako au maji ya vuguvugu. Usisugue, wala usipake theluji. Ganzi isipoondoka, piga 811.

Nguo sasa, hapa ndipo watu wetu wanapopoteza hela. Wananunua koti moja kubwa la bei mbaya, ndani wamevaa fulana ya pamba. Pamba ikinyonya jasho hairudishi, inakuganda mwilini ukisimama. Anza na nguo ya ndani ya kubana, ya sufu au ya polista, juu yake sweta au lile fulana zito la manyoya, koti ndiyo la mwisho. Kwa mtoto, glavu zinazokusanya vidole vinne pamoja zina joto kuliko za kidole kimoja kimoja. Viatu viwe na nafasi ya kuchezesha vidole, na soksi moja nzito ya sufu inashinda soksi tatu zilizosongamana, maana damu isipopita mguu unaganda hata uuvalishe nini. Kichwani wewe umeshatangulia, hijabu ya sufu chini ya kofia ya koti ni ulinzi ambao wenzako wanautafuta. Na nenda maduka ya mitumba ya hapo hapo Edmonton. Makoti mnayoyaona yamening'inia kwenye masoko ya mitumba kwetu, yasiyonunuliwa na mtu, huko ndiko kwao, na mtoto wa miaka minne atalivaa msimu mmoja tu. Mtoto aende chooni kabla ya soksi ya kwanza. Penye barafu tembeeni kibata, hatua fupi, mikono nje ya mifuko.

Vitamini D nayo usiisahau. Mwaka 1988 watafiti Webb, Kline na Holick walichapisha vipimo walivyofanya Boston na huko huko Edmonton, wakaona kwamba Edmonton, kuanzia Oktoba mpaka Machi, jua haliwezi kuifanya ngozi itengeneze vitamini hiyo. Yaani hata ukisimama nje mchana kutwa. Na ngozi yetu nyeusi, inayotukinga vizuri na jua la pwani, inahitaji jua jingi zaidi kuitengeneza hata kiangazi. Kiwango kinachopendekezwa Kanada kwa mtu wa umri wako ni yuniti 600 kwa siku, na kwa mwanao vivyo hivyo, kutoka kwenye chakula na vidonge kwa pamoja. Maziwa ya huko yameongezewa, samaki wa mafuta wanayo. Muulize daktari mnywe kiasi gani, na msizidishe, hii inajilimbikiza mwilini.

Pua na ngozi ni hewa kavu ya hita, na shoti ni hiyo hiyo. Tafuta mashine ndogo ya kutia unyevu chumbani, na puani paka mafuta mepesi ya mgando kabla ya kulala. Oga maji ya vuguvugu, si ya moto, na mafuta upake ngozi ikiwa bado na majimaji. Mafuta yako ya nazi hayajaharibika, yanaganda yenyewe chini ya digrii 24 hivi. Yatoe chupani uyaweke kwenye kopo la mdomo mpana, uwe unayachota kwa kidole.

Watu je? Edmonton ndiko ulikojengwa msikiti wa kwanza kabisa Kanada, Al Rashid, uliofunguliwa mwaka 1938, na mbele ya waliouchangishia alikuwa mwanamke, Hilwie Hamdon, mhamiaji kutoka Lebanoni, aliyepita madukani akiomba. Nenda Ijumaa hii, na ukitoka usikimbilie gari. Waswahili mjini humo wapo, Wakenya, Wakongo, Warundi, na Watanzania wenzako, na mwanamke mwenye mashine ya kushonea hakosi watu. Itoe kwenye boksi. Siku ukizidiwa kabisa mpeleke mtoto Muttart, ile bustani ya piramidi za vioo karibu na mto. Piramidi moja ni ya mimea ya nchi za joto. Mkivua makoti hapo mlangoni mtasikia fukuto na harufu ya udongo mbichi, na nje bado ni theluji.

Mume wako simtetei, wala simlaumu sana. Mtu anayefanya kazi nje kwenye baridi wiki mbili mfululizo akirudi nyumbani anataka kuambiwa mambo yako sawa. Usimpelekee lawama, mpelekee orodha: taa, daktari siku ambayo yeye yuko nyumbani abaki na mtoto, na kila mchana akiwa likizo awatoe, nyote watatu. Halafu siku moja ametulia, muulize mwaka wake wa kwanza huko alikuwaje, nani alikuwa akimpikia, alikuwa analala saa ngapi. Mwache aongee. Nina hakika hajawahi kuulizwa.

Kurudi Tanga, mwaka huu sikushauri, si kwa sababu ya aibu anayoisema. Msimu umeshavuka mlima. Sasa hivi siku zinarefuka kwa zaidi ya dakika tatu kila siku, na tarehe ishirini na kitu mwezi wa tatu mtakuwa na saa kumi na mbili sawa na Tanga. Ukiondoka leo utafika kwenu kaskazi ikiwa imechacha, utashusha pumzi, utarudi bila kujua kama taa na daktari vingekusaidia. Ila daktari akisema hali yako inahitaji uwe na watu wako, hapo nenda, na mume atalipa tiketi.

Mwakani ni habari nyingine, na hiyo anza kuipanga sasa. Watu wetu wana mtindo wa kwenda nyumbani mwezi wa saba na wa nane. Sielewi kwa nini mtu akimbie Edmonton wakati ina saa kumi na nne hadi karibu kumi na saba za mwanga, akaikute Tanga kwenye kipupwe, kisha arudi kuingia gizani. Waliofungwa na likizo za shule nawaelewa. Mwanao bado hajaanza shule ya lazima, una nafasi hiyo kwa mwaka mmoja au miwili tu. Wekeni fedha kidogo kidogo, mwende Januari mrudi katikati ya Februari. Angalia tu hesabu ya ukaazi wako, mkaazi wa kudumu anatakiwa awe ndani ya Kanada angalau siku 730 katika kila miaka mitano, na safari ya wiki sita haitakuharibia. Na taa ianze kuwaka mwezi wa tisa, kabla hujaanza kuhisi chochote.